Siku Nilipolitetea Bomba Langu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka. Huja yenyewe nikiwa nanawa mikono, au nikisikia tone la maji likianguka kwenye ndoo. Kaa nikusimulie, ingawa si hadithi ya kunipendezesha.

Kwanza unijue. Babu yangu alitoka huku kwetu Buha akaenda manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Tanga, akarudi na baiskeli. Baba yangu akafuata njia hiyo hiyo, akarudi na cherehani na koti la mvua. Mimi nilikwenda Dar es Salaam nikiwa na nauli ya kwenda tu. Nilichimba mitaro mchana, nikasoma jioni, nikapata stashahada ya ufundi wa mabomba, kisha nikavuka hadi Uarabuni kufunga vyoo katika majumba ambayo sebule yake ingemeza kijiji. Nikarudi Kibondo na basi. Usinielewe vibaya: sikurudi ndani ya basi kama abiria, basi lilikuwa mali yangu. Hakuna aliyenishika mkono, na sioni faida ya kusema vingine kwa unyenyekevu wa uongo.

Basi lile nililigeuza nyumba kwa mikono yangu mwenyewe. Niling'oa viti, nikaweka kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, na nyuma ya mlango mwembamba choo cha kuvuta maji. Tangi la maji safi lilikaa juu ya paa, la maji machafu chini ya sakafu. Mimi na mke wangu tuliishi humo, leo Kakonko, kesho Kibondo, keshokutwa Kasulu, nikifunga matangi na mabomba kwenye shule na nyumba za walimu na waganga. Wazee wa kijiji cha Titye waliingia, wakavuta maji ya choo, wakatoka wakitikisa vichwa. Nilipenda sana vile vichwa vinavyotikisika.

Ila bomba lilinisumbua. Nyumba imesimama, basi linacheza. Lami hii mnayoteleza juu yake siku hizi haikuwapo. Palikuwa na vumbi, mawe, na barabara iliyojikunja kama ubao wa kufulia. Kila safari kiungo kimoja kiliachia. Nilipaka gundi, nikazungushia tepu, nikakaza, na safari iliyofuata kikaachia tena. Baadaye niligundua kwamba kati ya bomba gumu na bomba gumu lazima uweke kipande cha mpira kinachokubali kupinda. Niligundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha. Lakini ilikuwa baada ya siku ile.

Mama mkwe wangu alikaa nje kidogo ya Kibondo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, na tukasikia madaktari wa macho watakuwapo hospitalini Kasulu kwa siku chache tu. Shemeji yangu alikuwa tayari kumpeleka kwa basi la abiria. Nikakataa. Watu wangesema nini? Mkwe ana basi zima, mama abanane na magunia ya maharage?

Sasa elewa jambo hili, maana ninyi vijana mnalisahau. Kwetu mama mkwe na mkwewe hustahiana. Hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe haendi kuoga wala kujisaidia nyumbani kwa mkwewe. Kwa hiyo Mama alisita. Akamtuma Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye ulimi mrefu, aje aniulize.

"Mukwe," akaniita kwa Kiha chetu, "hicho chombo chako ni gari au ni nyumba?"

"Ni gari tu, Shangazi. Huoni matairi?"

Basi wakapanda, Mama na Shangazi, wakakaa kwenye benchi nyuma ya pazia, mke wangu kati yao na mimi. Nikaendesha huku nikiimba.

Tulikuwa bado hatujavuka mto Malagarasi, kwenye miti minene, Shangazi alipokuja nyuma ya kiti changu.

"Mukwe, simama kidogo. Kuna watu wanataka kuchimba dawa."

Ndivyo wasafiri wasemavyo kwa adabu, wakitaka kushuka porini kujisaidia. Mwanangu, kusimama kungenigharimu nini? Nikajibu, "Shangazi, kuchimba dawa ni kwa abiria wa mabasi ya watu. Choo kipo hapo nyuma yako. Nyumbani kwangu hakuna anayekwenda porini."

"Nyumbani?" akasema. "Kibondo ulituambia gari."

Nikacheka, nikakanyaga mafuta. Si kwamba sikujua mila. Niliijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilipoposa, watu wa nyumba ile walinong'ona kwamba binti yao anachukuliwa na fundi wa vyoo. Nilitaka Mama akitumie choo changu mara moja tu, aone fundi wa vyoo ni mtu gani. Mwenye kiburi hata heshima anaidai kama deni.

Tulipovuka mto nikasikia maji yanachuruzika. Kiungo cha sinki kilikuwa kimeachia. Nikasimama papo hapo, mahali ambapo moto wa kiangazi ulikuwa umepita: majani yameungua, ardhi nyeusi, hakuna hata kichaka cha kumficha mbuzi. Nikachukua spana, nikajilaza chini ya basi. Wachuuzi wa Kikongo wa kutoka kambi ya wakimbizi, waliokuwa na baiskeli zao, wakasimama kutazama. Mmoja akapaza sauti:

"Papa, bisi yako iko nakojoa!"

Wakaangua kicheko. Nami chini kule, vumbi mdomoni, nikasema moyoni, hawa watanijua. Nikakikata kiungo kibovu, nikaweka kipya, nikakaza hadi mishipa ya shingo ikanitoka. Nikajifuta mikono, nikatangaza mbele yao, "Bomba hilo halitavuja mpaka mimi nife."

Sasa fikiria kilichokuwa kinaendelea juu ya kichwa changu. Mwanamke mzima, bibi wa heshima, asiyeona vizuri, amejizuia tangu msitu ule. Hawezi kwenda chooni kwangu. Hawezi kushuka, nje kuna wanaume na nchi tupu. Na hawezi kuniambia, maana mimi ni mkwewe.

Shangazi akatokea mlangoni. Maji yalikuwa yanateremka kwenye ngazi.

"Mukwe, bomba lako limepasuka tena," akasema kwa sauti kubwa ya kusikiwa na wote. "Limemlowesha Mama. Nguo zote maji."

Mwanangu, mtu mwenye akili angeshika kichwa na kusema, "Pole, Mama." Basi. Maneno mawili. Mimi nilisikia kicheko cha wale wa baiskeli, nikapanda kama niliyeitwa kupigana.

"Haiwezekani! Bomba langu haliwezi kupasuka!"

"Limepasuka, mukwe," Shangazi akasema, taratibu sasa, akinikazia macho.

"Nitakuonyesha!"

Nikafungua kabati chini ya sinki. Nikapitisha kiganja kwenye kiungo kile, pale bomba linapopenya sakafu, nikainua mkono juu ili mlangoni waone. "Kavu! Tazameni! Kavu kabisa! Hayo maji hayakutoka kwangu!"

Ndipo nikaona ndoo ya kuoshea vyombo imelala tupu miguuni pa Shangazi. Nikamwona Mama, amejifunika kitenge hadi usoni, maji yanamtiririka mapajani. Alikuwa amezidiwa, na Shangazi alikuwa amemmwagia ndoo nzima ili kumsitiri, kisha lawama akalitwisha bomba, kitu kisicho na uso wa kuona haya. Nami nikaivua sitara hiyo mbele ya watu, kwa ajili ya kiungo cha plastiki.

Wale wa Kikongo ndio waliokuwa na adabu. Yule wa mzaha akageuza baiskeli yake, akasema, "Twende, twende," wakaondoka bila kucheka.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema, "Mukwe, bomba lako ni zima. Wote tumesikia. Sasa furahi nalo."

Wakashuka. Nikaomba, nikalia, mke wangu akawafuata. Likaja lori linaloelekea Kibondo, wakapanda wote watatu. Kasulu hawakufika. Madaktari wakaondoka bila kumwona Mama, nami nikabaki na basi lisilovuja.

Wahenga walisema, aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha mwema huenda nayo kaburini. Mimi nilikabidhiwa aibu ya mtu aliye hai, nikaipigia mbiu.

Baba yangu mdogo ndiye aliyenipeleka kuomba radhi, na pombe ya ndizi kama ipasavyo. Wanaume wa ukweni walikaa uani, na baadhi yao walikuwa wateja wangu. Mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta, anasikia. Sikupewa kiti, nikachuchumaa.

Shemeji yangu akaanza. "Sisi tuliambiwa Mama aliloweshwa na bomba. Lakini njiani kuna maneno mengine. Wewe ndiye fundi. Lilipasuka, au halikupasuka?"

Nikamtazama Shangazi. Hakunisaidia.

"Lilipasuka," nikasema. "Nililifunga vibaya. Maji yote yalimmwagikia Mama. Kosa ni langu."

"Na ile diploma?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Hata nayo," nikasema. "Nililifunga vibaya."

Kikohozi kikasikika ndani. Kisha sauti ya Mama, ambayo ilikuwa haijawahi kuniambia neno moja kwa moja, ikasema, "Mpeni mkwe wangu kiti."

Nikaletewa kiti, nikakikalia, nikashindwa kuinua uso.

Mke wangu alirudi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla madaktari wa macho hawajapita tena, na bibi yake alimjua kwa vidole, akipapasa pua na masikio. Walipokuja, jicho moja lilifunguka. La pili wakasema limechelewa. Msamaha niliupata, mwanangu, lakini jicho halikurudi, na kila Mama alipogeuza kichwa kizima ili aone upande wa jicho lile, nilijua kwa nini.

Miaka yote niliendelea kuwaambia watu kwamba bomba lilipasuka. Nasema kweli leo kwa kuwa Mama mwenyewe, karibu na kutuaga, alimwambia binti yake, "Nikishakwenda, mumeo awaambie vijana. Isipotee bure." Lakini jina lake sikulitaja, na sitalitaja.

Nasaha yangu ni hii. Soma, pata vyeti, jenga, rudi nyumbani na basi lako kama nilivyorudi mimi, wala usilionee haya jasho lako. Lakini mzee akikuomba usimame, simama, usimuulize sababu. Na siku lawama itakapokuangukia isivyo haki, kabla hujafungua kinywa kujitetea, tazama kwanza inamfunika nani. Ukiona kuna mtu amejificha chini yake, ipokee kama mzigo wa mama yako, useme, "Ni mimi." Kazi yako itakusemea siku nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akunyooshee njia, akupe riziki ya mikono yako na macho ya kuwaona watu mapema. Na ukikosea, kama utakavyokosea, akupe wakwe wa kukuletea kiti.