Jeki ya Baba Mkwe

Nyuma ya nyumba yetu Dar es Salaam nina kibanda cha mabati ambacho mke wangu anakiita kanisa langu. Hajakosea sana. Jumamosi nikishaingia humo sitoki mpaka niitwe kula. Vifaa vilivyomo nimevikusanya kwa miaka mingi, kimoja kimoja, kutoka maduka ya vyuma ya Gerezani na kwa watu wanaoleta mitumba ya Ulaya. Spana zangu ni za chuma kizito, na majina ya viwanda yaliyochongwa juu yake mafundi wakiyasoma hutikisa kichwa kwa heshima. Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya ofisini, napenda tu kufungua gari langu kwa mikono yangu, na vifaa vya bei ya chini vinanitia hasira. Nikiona mtu anafungua nati kwa spana laini, ile inayopanuka mdomo ukiikaza kidogo, nashindwa kukaa kimya. Wenzangu kazini wanasema nina majivuno. Sawa, ninayo.

Nayasema haya mapema ili ieleweke nilikuwa na moyo gani Desemba ile, niliposimama ndani ya shimo kwa wakwe zangu, milimani juu ya Same, na pikapu imenifunika kama kifuniko cha sufuria.

Wakwe zangu wanaishi Upare ya kusini. Ukiiacha lami na mikonge ya tambarare, barabara inapanda kwa kona mpaka unaanza kutafuta sweta, na migomba na tangawizi vimeshika kila mteremko. Baba mkwe ni mkulima na mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache. Watoto wake waliobaki ni mabinti watupu. Mwanawe wa kiume pekee alifariki akiwa kijana, kabla sijaoa, na habari zake hazizungumzwi mezani. Mimi natoka Tabora. Wakati wa posa rafiki zangu walinitania kwamba nimeingia kwa watu wanaobana senti mpaka inalia. Nilichokikuta ni tofauti. Nilipokewa vizuri, nikalishwa vizuri, na nikahudumiwa miaka nenda rudi kama ofisa aliyekuja kukagua kitu. Wazazi wangu wote wawili wameshakufa. Nilitaka mzee yule anihesabu kuwa mtoto wake, na hilo sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu.

Desemba ile tulipofika, kabla hata sijateremsha mizigo, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na banda jipya la nguzo za mikaratusi. Ndani yake alikuwa amechimba shimo la kutengenezea magari, akalijengea kwa mawe pande zote, na upande mmoja akaweka ngazi za mawe za kushukia. Juu ya shimo ilikuwa imesukumwa pikapu yake iliyokufa zamani. Na ukutani, kwenye misumari iliyopangwa kwa mstari, zilining'inia zana mpya: spana, nyundo, bisibisi, plaizi, na chini yake jeki nyekundu. Alikuwa ameteremka Same mwenyewe na kuzinunua kwa wale jamaa wa karibu na stendi wanaotandaza turubai na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba kila kitu ni bei moja. Stika zilikuwa bado zimebandikwa. Majirani walikuwa wameitwa, na mmoja wao akaomba sala fupi juu ya vyuma vile.

"Hizi ni zako," mzee aliniambia. "Mwanangu akija nyumbani asikose kazi ya mikono."

Nilishukuru kweli. Kisha nikaishika spana ya kwanza, na kabla sijaisoma namba nikajua. Ilikuwa nyepesi kama kijiko cha chai.

Sasa, kwenye buti la gari langu, chini ya blanketi la watoto, nilikuwa na seti yangu nzima na jeki yangu. Huwa sisafiri bila hivyo. Mtu mwenye akili anaweza kuuliza kwa nini sikuvitoa palepale, nikachanganya hivi na vile, mambo yakaisha. Mtu huyo hajawahi kuwa mkwe wa watu. Mzee yule hununua sukari baada ya kufikiri. Tangawizi ya msimu mzima ilikuwa imening'inia kwenye misumari ile. Kwangu zilikuwa takataka za turubai, kwake zilikuwa ghali kuliko chochote nilichowahi kununua Gerezani. Ningefungua buti, ningekuwa nimemjibu mbele ya majirani waliotoka kusali. Nikaliacha blanketi mahali pake.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Spana namba kumi na saba ilipanuka mdomo kwenye bolti ya kwanza. Bisibisi ilijipinda nikiwa naigeuza kwa vidole tu. Nati zilikuwa na kutu ya miaka, na kila niliyoigusa ilipoteza pembe zake na kubaki duara, laini, haishikiki tena. Nilihitaji ile spana ya kurekebisha mdomo, ambayo mafundi wote wa nchi hii wanaiita spana malaya, na ilikuwepo, mwisho kabisa wa mstari. Lakini mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na misumari, yeye ndiye aliyekuwa akinipa kila ninachoomba, na neno lile halitamkwi mbele ya baba mkwe. Nilimwelekeza kwa mkono, ile ya mwisho, baba, hapana, ile nyingine. Ilipofika ikateleza, nikajichuna vidole.

Hakuondoka pale kigodani. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimepanga kuiba nafasi, nitoe spana zangu mbili tatu nifungue nati ngumu kisha nizirudishe chini ya blanketi, lakini mzee alikuwa na furaha, na mwenye furaha haendi shambani. Alinisimulia, yeye ambaye kwa miaka alikuwa ananisalimia tu. Alinieleza pikapu ilivyokuwa ikipeleka tangawizi Same, akanionyesha mahali mwanawe alipoigonga ukingoni akijifunza kuendesha. Alimtaja kwa jina. Nilikuwa kifungoni, na sikutaka kufunguliwa. Jioni mke wangu aliviona vidole vyangu, akaniambia nimweleze baba ukweli, atacheka. Nikamwambia amweleze yeye. Akasema yeye hayumo.

Jumamosi wanaume wa kitongoji walikwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuziba barabara iliyokatwa na mvua. Mzee alisamehewa kwa umri, mimi nikasamehewa kwa sababu ya pikapu. Mke wangu alikwenda na watoto kwa shangazi yake, ng'ambo ya bonde. Tukabaki mimi, mzee, na mama mkwe jikoni.

Nilitaka kushusha springi ya mbele. Nilipandisha gari upande mmoja kwa jeki nyekundu, nikatoa gurudumu la upande ule, kisha nikaomba gogo la kuegemeza. Kila anayejua magari anaweka gogo. Mzee aliinama akaisoma stika, akasema imeandikwa inabeba tani mbili na gari halifiki hapo. Hakusema kwa ubishi. Aliisoma kwa fahari, na alipomaliza alinitazama. Sikuweka gogo. Nikateremka shimoni.

Jeki haikuanguka kwa kishindo. Ilianza kuvuja mafuta, nikaona mwanga upande wa ngazi unapungua, nikainua kichwa. Bampa ilishuka, ekseli ikashuka, vikaja kutulia kwenye kingo za shimo. Nilikuwa mzima. Lakini mbele yangu, palipokuwa na ngazi, palibaki upenyo wa kupitisha mkono mpaka kwenye bega, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa mawe aliojenga baba mkwe kwa mikono yake, na aliujenga vizuri.

Mzee aliniita, nikamjibu niko salama. Alirudia kuuliza, nikarudia kujibu. Mama mkwe alitoka jikoni. Huyu ni mama ambaye kwa heshima zetu huwa ananisalimia kutoka mbali, hatushikani mikono, na sasa niliyaona magoti yake kwenye udongo na uso wake kwenye upenyo, ananitafuta gizani. Aliomba radhi kwa kunitazama. Nami niliomba radhi kwa kuwa shimoni. Kisha wakaanza kujadiliana kwa Kipare, harakaharaka, nami sielewi neno.

Nilikuwa na ufunguo wa gari langu mfukoni. Naomba hilo lieleweke, kwa maana hilo ndilo nililokuwa nalifikiria na si lingine. Jeki yangu ilikuwa hatua chache kutoka pale. Ningesema sentensi moja, ningekuwa nje kabla chai haijapoa. Na sentensi hiyo ingemwambia mzee kwamba tangu siku ya kwanza nilikuwa na vyangu, nikavificha, na siku zote alizoketi kigodani akinisimulia habari za mwanawe, mimi nilikuwa namvumilia. Nikaamua kusubiri. Wanaume wangerudi mchana, wangeinua gari kwa mikono, tungecheka. Nilikuwa tayari kukaa mle mpaka jioni, na nilikuwa naogopa, nasema wazi. Pikapu ilikuwa bado inalia kidogokidogo juu ya kichwa changu.

Mzee ndiye aliyekataa kusubiri. Sasa najua kwa nini: hakutaka wanaume wale wale walioitikia sala ile wamkute mkwe wake chini ya jeki aliyoinunua. Alileta mtarimbo akaupenyeza chini ya bampa, mama mkwe akauegemea kwa uzito wake wote, gari likanyanyuka kiasi cha vidole viwili. Kisha nikamwona mzee analala kifudifudi. Alikuwa ameshika jiwe, anataka kuliweka chini ya ekseli, na ili afike ilibidi aingize kichwa. Nikaiona shingo yake, nyembamba, yenye mikunjo, ikipita chini ya chuma kile, na mama mkwe anahema kwenye mtarimbo.

Nilimwambia atoke. Hakutoka, alisema nitulie, anakaribia.

"Baba, toka," nikasema. "Nina jeki yangu. Iko kwenye buti, chini ya blanketi."

Nikautoa mkono kwenye upenyo na ufunguo kiganjani. Alirudi nyuma taratibu mpaka kichwa kikatoka. Gari likashuka tena. Sikuuona uso wake, niliiona mikono tu, na ufunguo ukaondoka kiganjani mwangu.

Nilisikia buti linafunguliwa. Seti yangu iko kwenye turubai la kukunja, lenye mfuko wa kila spana, na mtu akilifungua zinagongana kidogo. Nilizisikia zikigongana. Nadhani alizitazama zote.

Aliporudi aliniuliza kwa upole jinsi jeki inavyotumika, nikamweleza. Ilinyanyua pikapu bila kulalamika. Safari hii aliweka gogo, na jingine tena, ndipo akaniambia nipande. Alinipa mkono, akanivuta, akanipangusa udongo mgongoni. Aliuliza kama nimeumia. Nilianza kueleza, nikasema baba, sikutaka uone kama nadharau. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni kitu kizuri," akasema, akimaanisha jeki. Akaifuta mafuta na vumbi kwa upindo wa shati lake, akaenda kuirudisha chini ya blanketi alikoikuta, akaniletea ufunguo, ameshikilia kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anavyompa kitu mheshimiwa.

Jumatatu alipanda fundi kutoka Same kwa pikipiki. Mzee alikuwa amemwita kwa simu bila kuniambia. Nilivaa nguo zangu za kazi nikaenda bandani, nikakuta misumari mitupu. Zana zote zilikuwa kwenye gunia miguuni mwa fundi. Mzee alimpa pamoja na malipo yake, na fundi alishukuru sana, maana zilikuwa mpya. Nilisema hizo ni zangu. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, mpaka fundi akageuka.

"Hizo hazikufai," baba mkwe alinijibu, bila hasira hata kidogo. "Nenda barazani ukapumzike. Wewe ni mgeni wetu."

Pikapu inatembea siku hizi. Kila Desemba fundi yule hupandishwa kuja kuikagua, na mzee huketi naye bandani asubuhi nzima wakiongea. Mimi nakuwa barazani. Nasikia spana inateleza kwenye nati, tena najua ni nati ipi, niliiharibu mimi. Naletewa chai na mihogo, nasema asante.