Ukurasa wa Mkulima

Gazeti letu la chuo lilikuwa na kurasa nane za kudurufu, na saba kati ya hizo zilijaa watu waliojipenda. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mhariri, aliyeamini dunia nzima inangoja msimamo wake. Ukurasa wa kimataifa uliandikwa na kijana aliyeweza kukueleza hali ya kila vita vya ukombozi lakini hakujua kufua soksi zake. Mashairi yalikuwa ya mapenzi yaliyovalishwa sare ya mapinduzi. Barua za wasomaji tuliziandika wenyewe. Ukurasa wa nane, chini ya matokeo ya mpira, ndio uliokuwa wa mkulima. Huo nilipewa mimi, kwa kuwa natoka Mpanda, na kwao Mpanda ilikuwa mwisho wa reli na mwanzo wa pori.

Likizo moja mhariri alitaka kwenda nami nyumbani. "Ndugu, lazima tuwaone wananchi kwa macho," aliniambia. Tulipanda treni, tukabadilisha Tabora, na njia nzima aliandika. Nilichungulia daftari lake kabla hatujafika Kaliua, nikakuta aya ya mwisho imeshakamilika: wakulima wanashangilia maisha mapya.

Nilimpeleka kijijini Mwamkulu kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu. Mwaka uliotangulia alikuwa amehamishwa kutoka nyumba yake kando ya mashamba ya mpunga, akapangwa pamoja na wenzake kwenye mstari wa kijiji kipya cha ujamaa, mbali nayo. Mhariri hakumwamkia. Alimpa mkono kama mbunge, akafungua daftari.

"Mama, kijiji kipya kimewasaidia vipi?"

Mama mkubwa alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta.

"Andika hivi, mwanangu. Siku hizi ndege wanafika shambani kabla yangu, maana wao hawakuhamishwa."

Wanawake waliokaa naye waliangua kicheko. Mhariri naye alicheka, akaandika. Alipoalikwa aende kuvuna nasi kesho yake, alisema kifundo cha mguu kinamsumbua. Siku mbili zilizobaki alizimalizia mjini, Shanwe, kwenye hoteli ya chai, akiwaeleza mafundi baiskeli maana ya unyonyaji.

Chuo kilipofunguliwa, aliniletea makala nichape kwenye stensili. Nilifika katikati nikasimama. Palisomeka: "Mama mmoja mkulima alisema kwa furaha, 'Siku hizi tunafika shambani kabla ya ndege.'"

"Hakusema hivi," nikamwambia.

"Alisema nini?"

"Unajua alichosema. Uliandika mwenyewe."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ndugu, mama hana upeo wa kuona mbali. Sisi tunamsaidia kusema anachopaswa kusema. Chapa."

Nikachapa. Tena nilichora kichwa cha habari kwa mkono, kwa herufi nzuri, na jembe pembeni. Mhariri alikuwa mjinga aliyejiamini, na huyo dunia imemzoea. Mimi nilijua, na kidole kikaendelea.

Nilidhani gazeti linaishia mabwenini. Kumbe mhariri alituma nakala hadi wilayani. Likizo iliyofuata nilikuta mkutano umeitishwa Mwamkulu, na katibu wa chama, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akasoma makala yote. Alipofika kwenye yale maneno ya ndege, akamwita mama mkubwa asimame apigiwe makofi.

Alisimama. Makofi yalipokwisha, hakuketi.

"Maneno hayo si yangu," alisema. "Mimi nilisema ndege wanatutangulia, na mpunga wanaumaliza. Mwanangu huyu hapa alikuwepo. Mwulizeni."

Watu wakageuka. Katibu naye akanitazama, akitabasamu kama mwalimu anayemsaidia mwanafunzi kupata jibu. Nilikuwa na shati jeupe la chuo na kalamu mbili mfukoni. Nilisimama, nikakohoa.

"Huenda mwandishi alisikia vibaya," nikasema. "Kulikuwa na kelele."

"Kelele ya nini?" mama mkubwa akauliza. "Ya ungo?"

Watu walicheka, na katibu akafunga mkutano haraka. Nyumbani mama mkubwa alinipikia wali na kambare kama kawaida, akaniwekea maji ya kunawa. Kisha akasema, "Karibu ule, bwana mwandishi." Tangu siku hiyo hakuniita mwanangu. Alilitamka hilo jina jipya kwa upole kabisa, mbele ya wageni, na kila mara nilitamani anitukane tu.

Niliporudi chuoni niliuacha ule ukurasa. Mhariri hakuniuliza sababu. Alimpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyedhani mpunga unachimbwa kama viazi, na kwa lile gazeti alifaa kuliko mimi. Mhariri mwenyewe baadaye alipata cheo cha kuwasemea watu wengi zaidi.

Nilimwandikia mama mkubwa barua ya kuomba radhi, kurasa nne. Nilizirarua mara tatu, kwa sababu kila nilichoandika kilianza kunukia uhariri. Hatimaye nilituma mistari mitano: nilidanganya, niliogopa, nisamehe. Katekista wa kijiji alimsomea, na ndiye aliyemwandikia jibu, lisilo na "bwana mwandishi" wala "mwanangu".

"Barua imefika. Mahindi yamekauka vizuri. Mjomba wako anaumwa mgongo. Ukija, njoo na chumvi."