Kimya cha Bi Doris

Mwanangu, kaa hapa nikusimulie siku niliyopiga vigelegele mahali pasipotakiwa. Nilikuwa msichana wa chuo, mgeni huku Minneapolis, nimepanga chumba kitongoji cha Hopkins kwa mjane mmoja Mmarekani, Bi Doris. Mchana alifua mashuka ya hoteli, jioni alitunga mashairi. Vina na mizani usiniulize. Mimi nimekulia Tanga, ambako ukipunguza silabi moja wazee wanakohoa. Yeye alisoma mstari, akanyamaza kitambo, akasoma mwingine, akanyamaza tena.

Jioni moja alialikwa kusoma katika ukumbi wa maktaba, Saint Paul. Mchapishaji wa vitabu alikuwapo, na Bi Doris alikuwa ameitamani nafasi ile tangu ujana wake. Akasoma mstari, akanyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana. Nikasema moyoni, masikini, kasahau. Kwetu mghani akikwama haachwi aaibike. Wanawake humfunika kwa vigelegele mpaka akumbuke. Basi nikasimama nikavipiga, tena vile vya harusini. Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Bi Doris akanitazama tu, akaendelea.

Walipomaliza, mchapishaji akaja na tabasamu lake. Kitabu atakitoa, akasema, ila zile nafasi tupu zijazwe, hata kwa kelele kama za yule binti. Bi Doris akamwambia hapana, akavaa koti lake.

Ndani ya basi nilimshambulia. "Bi Doris, kubali. Kwetu wanasema, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nani kakwambia siwezi kuukata?" Akatazama dirishani kidogo, kisha akasema, "Pale ninaponyamaza, ndipo mume wangu alipokuwa akinijibu. Tulizungumza hivyo mezani kila jioni. Unataka nimkatize ili nipate kitabu?"

Nilikuwa nimemdhania msahaulifu, kumbe anamsikiliza mtu.

Kitabu kile hakikutoka. Alichapa kurasa zake mwenyewe, akazishona kwa uzi, akawagawia waliotaka na wasiotaka. Watu walimwita kichaa mpaka siku alipokufa, na hakujaza hata nafasi moja. Nilimpenda sana mama yule.

Sasa wewe umenijia hapa Richfield umenuna. "Bibi, kamati ya kumbukumbu ya babu wamesema nibadilishe shairi. Eti it's not a real poem, nimechanganya English." Shairi la kumuaga marehemu babu yako, ambamo yeye anasema kwa Kiswahili nawe unamjibu kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nikiwapakulia wali mezani huku nawasikia, na ndivyo mlivyozungumza. Hao wanakamati wana watoto wanaowajibu vivyo hivyo, ila wanaona aibu mbele za watu.

Watakuambia mwacha asili ni mtumwa. Waambie asili yako ni meza ile, na hukuiacha. Simaanishi uwe na kichwa kigumu kwa kila jambo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkubwa akikuonyesha penye uvivu, parekebishe na umshukuru. Lakini mtu akikutaka ufute penye ukweli ili wageni wasisumbuke, huyo hakushauri, anakunyamazisha. Usimkubalie, hata akiwa mjomba wako, hata ukumbi ukiwa wake. Wakikunyima jukwaa, waite watu jikoni kwangu, nitapika.

Jumamosi kwenye kumbukumbu simama usome lilivyo. Wengine watanong'ona, wengine watatoka nje, na wewe usome mpaka neno la mwisho, maana marehemu hana mwingine wa kumjibu kwa lugha mliyokuwa nayo. Mola akuongoze, mwanangu, akupe ulimi usiotetemeka na moyo usiouzwa kwa makofi. Babu yako alielewa kila neno lako. Amina.