Papasi wa Kwetu

Nianze na papasi, maana wapo wasomaji waliokulia juu ya sakafu ya saruji wasiomjua. Ni mdudu wa jamii ya kupe, bapa, mwenye rangi ya vumbi, akaaye kwenye nyufa za kuta za udongo. Watu wakilala hutoka, akanyonya damu, akarudi kwake. Anaweza kukaa hata miaka kadhaa bila kula na asife. Akikuuma, unaweza kupata homa inayoondoka ukadhani umepona, kisha ikarudi, ikaondoka, ikarudi tena. Kwetu, upande wa Usinge, homa ya papasi ilikuwa homa ya watoto wadogo na wageni. Wenyeji watu wazima haikuwasumbua sana.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na maelezo yake. Alisema damu ya mtu na papasi wa nyumba yake hujuana. Ukikaa mbali muda mrefu mnasahauliana, na siku ukirudi watakuua. Kwa hiyo mtu anaposafiri hubeba papasi wa kwao. Babu yake alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na kwenye pindo la nguo yake alifunga vumbi la nyumba pamoja na papasi wake, akalala nao kila kambi. Wenzake walimcheka. Baadhi ya waliocheka, alisema bibi, walirudi nyumbani wazima wakazikwa mwezi huohuo.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari, bibi alinifungia wangu katika kikopo cha bati chenye vitundu vya hewa, vidogo kuliko papasi, kwenye kifuniko.

"Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani, "hawa wametoka chini ya kitanda changu. Mara mojamoja uwamwage kwenye godoro."

"Bibi, shuleni watanicheka."

"Waache wacheke. Kicheko hakizuii homa."

Sikukifungua hata mara moja. Nilikuwa na akili zangu, na sikuona sababu ya kuwaalika wadudu kitandani. Lakini kukitupa nako sikuweza, hasa baada ya kuja operesheni ya vijiji. Watu wetu walipakiwa kwenye lori na vyungu vyao, wakashushwa kando ya barabara, kwenye kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari. Nyumba ya bibi ilibomolewa ukuta kwa ukuta ili asipate pa kurudi. Nawaambia ukweli, mpaka leo jambo hilo linanichoma, na wanaonieleza faida za kijiji nawasikiliza, kisha nawauliza kama ukuta wenyewe ulikuwa umekosa nini. Vumbi lote lililobaki la nyumba ile lilikuwa katika kikopo changu, chini ya sanduku.

Shule yetu ilikuwa ndogo, ya bweni, ya wasichana watupu, njia ya kwenda Nzega. Zamani ilikuwa ya misheni, na siku hizi haipo tena, basi mtu asijisumbue kuitafuta. Bweni letu lilikuwa kuukuu kuliko shule yenyewe, kuta nene za udongo zilizopasuka kila pembe. Tangu enzi za masista, kila muhula ulipofunguliwa, dawa ya unga ilinyunyizwa kwenye nyufa zile. Matroni aliirithi kazi hiyo pamoja na bomba lake, na aliifanya kwa bidii, hilo simnyimi.

Nilipokuwa kidato cha tatu papasi walituzidi. Wasichana wakaanza kuanguka na homa, wengine wakapelekwa hospitali Tabora mjini. Matroni akanyunyiza dawa tena, na tena. Alipoona haisaidii aliamua kwamba kuna mtu anayewaleta, akaamuru masanduku yote yatolewe nje. Alikifungua kikopo changu mbele ya bweni zima, akapiga ukelele, akakiangusha.

Kesho yake, kwenye mstari wa asubuhi, mkuu wa shule aliniita mbele. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya pole, na ile pole yake ndiyo iliyouma.

"Huyu ndiye aliyetuletea ugonjwa," aliwaambia wasichana. "Bibi yake amemfunga wadudu kama hirizi. Taifa linajenga, wengine bado wana mambo ya kishenzi."

Nikapewa masharti. Bodi ya shule ingekutana mwisho wa wiki. Kabla ya hapo nisimame mstarini, niseme mimi ndiye niliyewaleta papasi, niseme desturi ya bibi yangu ni ushenzi, niombe radhi. Nikifanya hivyo nitaadhibiwa tu. Nikikataa nitafukuzwa. Na kufukuzwa kwangu maana yake ilijulikana: jembe la mkono, na mwanamume mmoja mwenye ng'ombe ambaye alikwisha kuniulizia kwa baba mara mbili.

"Ulimi hauna mfupa," rafiki zangu walinibembeleza. "Sema tu yaishe."

Nilikataa. Ningeweza kusema uongo juu yangu mwenyewe, labda. Juu ya bibi yangu sikuwa tayari, na kwanza sikuwa nimewaleta. Kikopo kilikuwa kimefungwa. Ila nani angeniamini?

Wiki hiyohiyo mwalimu wetu wa baiolojia, kijana mwembamba aliyependa kukaa juu ya meza badala ya kiti, alikuwa akitufundisha mageuko ya viumbe. Mwalimu wa siasa alikuwa amekwisha kuja darasani kulalamika kwamba somo hilo, la wenye nafasi kubaki na wasio na nafasi kufa, linanuka ubepari. Wetu alimjibu palepale mlangoni: "Ubepari ni uamuzi wa watu, ndugu. Wadudu hawajapitisha azimio lolote."

Alitufundisha hivi. Viumbe wa aina moja hawafanani kabisa, kama sisi darasani tusivyofanana. Baadhi ya tofauti hizo mtoto huzirithi kwa wazazi. Wanazaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi, na mahali wanapokaa panawachuja: mwenye tofauti inayomfaa pale huishi, akazaa, na watoto wake wakawa nayo. Mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi, wale wenye tofauti hiyo huongezeka, mpaka ukoo mzima unageuka. Hakuna anayeamua wala kujitahidi. Huo ndio uteuzi asilia.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, papasi wa bwenini hawafi kwa dawa. Ni kwamba wameizoea, kama mimi nilivyowazoea papasi wa kwetu?"

"Hapana," alisema, akashuka mezani. "Usichanganye. Wewe uliumwa utotoni, mwili wako ukajifunza kupigana na homa ile. Umezoea wewe, na mazoea hayo hutamrithisha mwanao. Naye itabidi aanze upya. Papasi hakuna aliyezoea. Dawa ilipokuja mara ya kwanza wengi walikufa. Wachache walikuwa wamezaliwa wagumu, hata kabla hawajaiona. Hao wakabaki, na hao ndio waliozaa."

"Kwa hiyo wa bwenini ni watoto wa wale wagumu."

"Watoto, wajukuu, vitukuu."

"Na papasi ambao wao na wazazi wao hawajawahi kuonja dawa?"

Alianza kujibu, kisha akaniangalia. Nadhani tulifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kijijini kwetu dawa ile haikuwahi kufika. Kama papasi wa bwenini walitoka kwenye kikopo changu, wangekuwa wepesi kufa kama wa kikoponi. Kama walikuwa wa ukoo mwingine, dawa ingesema.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu wa shule nikiwa nimevaa sare safi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamwambia sitaomba radhi, lakini naomba jaribio. Na nikamwambia matokeo mapema, mbele ya matroni aliyekuwapo na mwalimu wangu aliyenisindikiza, ili baadaye mtu asiseme nimeyapindisha: wa bwenini wataishi, wa kwetu watakufa.

"Wewe mtoto una kiburi," alisema matroni.

"Ndiyo, Mama," nilimjibu. "Lakini kiburi hakiui papasi. Tuangalie dawa."

Kikopo, pamoja na papasi wake waliokusanywa kilipoanguka, kilikuwa kimefungiwa kabatini ofisini kama ushahidi. Kikaletwa. Mwalimu akapanga sahani za kioo za maabara. Papasi wa nyufa za bweni upande mmoja, wa bibi upande wa pili, matroni mwenyewe akawanyunyizia dawa ileile kwa kipimo kilekile. Wachache wa kila upande wakawekwa pembeni bila dawa, ili wakifa tujue si dawa iliyowaua. Chumba kikafungwa, ufunguo akashika mkuu wa shule.

Sijui niseme nini juu ya siku ile ya kungoja. Nilitaka papasi wa bibi wafe, na niliona uchungu kutaka hivyo. Walikuwa wa nyumba isiyokuwepo tena, na mimi ndiye niliyewatia sahanini.

Asubuhi tulipofungua, wale wa pembeni, wa pande zote mbili, walikuwa hai. Katika sahani ya bweni wawili watatu walikufa, wengine wote walikuwa wakitembea kwenye unga ule bila wasiwasi. Katika sahani ya bibi walikuwa chali, miguu imekunjamana. Wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa akitambaa polepole, akipanda ukingo wa kioo, akianguka, akipanda tena.

Matroni aliruka. "Mbona huyu mzima? Umesema watakufa!"

Mwalimu wangu alitaka kusema, nikamtangulia.

"Huyo ndiye, Mama. Hata wa bwenini walianza na wachache kama huyo. Siku masista walipomwaga dawa mara ya kwanza wakafurahi kuona maiti, wachache walibaki ukutani. Mngeipeleka dawa hii kijijini kwetu kila mwaka, baada ya miaka mngekuta ukoo wa huyu."

Mkuu wa shule aliinama akaitazama sahani kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga, nampa haki yake. Alisema kuta za bweni zitakandikwa upya, nyufa zote zizibwe, na sakafu imwagwe saruji. Kisha akaniambia, kwa ile sauti yake ya pole, "Basi. Rudi darasani. Yameisha."

"Hayajaisha, Mwalimu. Nilitukanwa mstarini. Nisafishwe mstarini."

Alinikazia macho mpaka nikadhani nimeharibu kila kitu. Kesho yake asubuhi, mbele ya shule nzima, alisema imebainika kwamba papasi wa bwenini hawakuletwa na mwanafunzi yeyote. Alisema sentensi hiyo moja, akageuza karatasi kuanza matangazo ya shamba la shule. Juu ya bibi yangu hakusema lolote.

Nikatoka kwenye mstari bila kuitwa.

"Na bibi yangu si mshenzi," nilisema kwa sauti, wote wakasikia. "Kwamba papasi hutujua, alikosea; kwamba mwili uliozoea kuumwa nao hustahimili homa, alipatia. Ninyi mnaojenga taifa mlibomoa nyumba yake bila hata kumuuliza anajua nini."

Kwa kusema bila ruhusa nilipewa adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja wote peke yangu, wiki nzima, jua la Tabora kichwani. Nilifyeka bila kuinamisha uso. Wasichana walipopita kwenda darasani, hakuna aliyecheka.