Tabasamu la Ngazini

Chuo cha wahudumu wa meli kilimfundisha Kitinda kutabasamu kabla hakijamfundisha kutandika kitanda. Mwalimu wao, mama mmoja mwenye kucha ndefu na subira fupi, aliwapanga mbele ya kioo kikubwa kutwa nzima: meno yaonekane, ufizi usionekane, na aliyenuna arudi nyuma ya mstari aanze upya. Abiria akipanda, tabasamu na "karibuni." Akishuka, tabasamu na "ahsanteni kwa kusafiri nasi, karibuni tena." Akupe mkono asikupe, akushukuru akutukane, wewe kazi yako ni hiyo hiyo. Kitinda alikuwa hodari. Baada ya miaka mingi melini mdomo wake ulifanya kazi bila kumuuliza mwenyewe, na wenzake wa chumbani walimtania kwamba hata usingizini anakaribisha wageni.

Jina hilo ni la nyumbani. Alikuwa kitindamimba, mtoto wa mwisho, na kama walivyo watoto wa mwisho, alizoea kutumwa. Alipopata kazi baharini alimwachia dada yake binti yake wa pekee, kitoto kilichokuwa bado kinakosea kuvaa viatu, cha kulia kinakwenda kushoto. Mkataba ukiisha unafuata mwingine, na mtoto akakulia kwenye simu. Sasa binti alikuwa darasa la sita, na Kitinda alikuwa ameapa kwamba safari hii ndiyo ya mwisho. Alimwomba dada yake amtafutie chumba karibu na shule, kidogo tu lakini kiwe na dirisha, wahamie wawili, mama na mwana. Hakuwa na ndoto nyingine duniani. Na kwa bahati, wenyewe waliita bahati, meli yao ilikuwa imepangiwa kumalizia safari katika bandari ya kwao.

Wakiwa bado katikati ya maji, moto ukazuka kwenye chumba cha injini. Haukuua mtu, ulizimwa, lakini injini ilikufa, na umeme nao ukafa, na pampu za vyoo zikafuata. Maelfu ya watu waliolipia starehe wakajikuta wanaelea gizani bila choo. Kitinda alihudumia korido ya vyumba vya chini, vile visivyo na dirisha, ambako joto lilipanda mpaka kuta zikatoa jasho. Abiria walipewa mifuko ya kujisaidia. Sasa mjiulize wenyewe, mifuko hiyo ilibebwa na nani mpaka kwenye mapipa? Alibeba Kitinda, kwa glavu, na glavu zilipokwisha akabeba kwa mikono.

Katika chumba kimoja alikuwamo bibi mmoja aliyesafiri peke yake, mwenye pete karibu kila kidole, na tumbo likamwendesha hata kusimama hawezi. Maji yalikuwa ya kupimiwa. Kitinda akachukua ya kwake ya kunywa, akamwogesha bibi wa watu, akambadilisha nguo, akampepea kwa kipande cha boksi mpaka akasinzia. Bibi alimshika kiganja akamwambia, "Mwanangu, Mungu akulipe." Maneno hayo Kitinda aliyaweka moyoni.

Wakati huo nchi kavu watu walikuwa wanasherehekea. Ee, ndugu zangu, nasema wanasherehekea kwa sababu sina neno jingine. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, na zizini anategemea kupokewa kwa huruma, lakini meli ile ilipokuwa inavutwa na boti mbili kurudi, watu walikuwa wameshaipachika jina la Choo Kinachoelea. Kituo kimoja cha televisheni kilionyesha safari hiyo ya kuvutwa kutwa kucha kama mechi ya mpira. Redio ikafungua simu za wasikilizaji, ukipiga unakisia abiria wa kwanza kushuka atakuwa na hali gani. Siku ya kufika, watu walikwenda bandarini na viti vyao vya kukunja na watoto wao wameoga. Wauza barakoa waliuza zikaisha. Kila upepo ulipogeuka na kuleta ile harufu, umati ulipiga ukelele wa furaha, kwa maana hicho ndicho walichokifuata.

Melini, msimamizi aliwakusanya wahudumu. Aliwaambia wavae sare zilizobaki safi, wajipange kwenye ngazi ya kushukia, wawaage abiria kama kawaida. Neno lake lilikuwa hilo, kama kawaida, na walilisikia wote. Kitinda akawekwa mwisho wa ngazi, chini kabisa, mahali pa kuaga, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na uso mzuri wa kazi. Hakuwa amelala. Nusu ya akili yake ilikuwa imeshatangulia kwa dada yake, inagonga mlango.

Wa kwanza kushuka alikuwa baba mmoja aliyejifunga blanketi, mtoto amemlalia begani, nywele zimemganda. Alipofika chini, mdomo wa Kitinda ukafanya ulichofundishwa. Meno, bila ufizi. "Ahsanteni kwa kusafiri nasi. Karibuni tena."

Yule baba alisimama. Alimtazama Kitinda kama mtu aliyepigwa kofi.

"Tena?" akauliza.

Kamera zilikuwa pale pale, mbele ya pua zao.

Kabla hata abiria hawajamaliza kushuka, nchi nzima ilikuwa na lile tabasamu mfukoni. Lilizungushwa, likapunguzwa mwendo, likawekewa ngoma. Wachekeshaji wakavaa sare. Duka la sabuni likabandika uso wake kwenye tangazo bila kumuuliza mtu. Wasomi wa televisheni walikaa wanne mezani wakachambua jeuri ya wafanyakazi wa siku hizi, na hapakuwa na hata mmoja wao aliyewahi kubeba mfuko wa mtu. Mtu akachimbua picha ya Kitinda ya zamani, yuko kwenye harusi anacheka, akaandika chini yake: oneni, ndiyo tabia yake. Mkuki kwa nguruwe, bwana. Waliomwita katili walikuwa wale wale waliobeba viti kwenda kutazama wenzao wananuka.

Kampuni nayo haikuchelewa. Ilitoa taarifa kwamba mhudumu yule alitenda kwa hiari yake, hakutumwa na mtu, na ajira yake imekoma. Msimamizi, alipoulizwa, akasema yeye aliwaagiza wahudumu waonyeshe huzuni.

Kitinda alifika kwa dada yake kwa njia za uchochoroni, amejitanda kanga mpaka machoni. Dada mtu alimpokea kwa machozi, akamshika akamzungusha kumwona kama yu mzima. Binti alisimama mlangoni mwa chumba, mrefu kuliko alivyoonekana kwenye simu. Alikuja, akamkumbatia mama yake kwa kuegemea upande, na Kitinda akamsikia wazi anavuta pumzi puani, polepole, anamnusa. Kitinda alikuwa ameoga mara mbili. Usiombe kunuswa na mwanao.

Hata hivyo alikuwa na tegemeo lake. Aliwaambia wasubiri, kuna mtu atasema. Na kweli, jioni moja wakiwa sebuleni wote watatu, bibi wa pete akatokea kwenye televisheni, amepakwa poda, amekalishwa kwenye kochi la hoteli. Kitinda aliruka akaongeza sauti. Akamvuta binti yake karibu, akamwambia huyu bibi ananijua, sikiliza atakavyosema. Hata dada mtu aliacha ufagio.

Mtangazaji alimpa bibi pole nyingi, kisha akamwuliza kuhusu yule mhudumu mwenye kicheko, kama alipata kukutana naye.

Bibi alifikiri kidogo. "Wahudumu walikuwa wengi, baba. Mimi naona wote wanafanana tu."

Kisha akauliza mzigo wake wa pili utaletwa lini. Binti akainuka, akaenda chumbani, na mlango ukasikika ukifungwa kwa komeo.

Dada mtu alisema maneno ya kufariji, kwamba dunia husahau, kesho watapata mwingine wa kumtafuna. Kitinda aliitikia. Lakini si dunia aliyokuwa anaihofia. Chumba kilikuwa kimepatikana, kile chenye dirisha, ufunguo uko mkononi, na binti kila akiambiwa twende ukakione alikuwa na kazi ya shule. Ndipo Kitinda akaamua amfuate shuleni, amchukue akitoka, wapitie huko huko. Mtoto akishaona kitanda chake mwenyewe, alijiambia, atalegea.

Alifika getini mapema kidogo. Uwanjani watoto walikuwa wamefanya duara, wanacheka mpaka wengine wameshika mbavu. Moyo ukamlipuka, akajua wamemzingira mwanawe. Akasukuma geti, akapiga hatua, na hapo ndipo alipoona vizuri. Binti alikuwa katikati, ndiyo, lakini hakuna aliyemgusa. Alikuwa amekunja mikono tumboni, kidevu juu, meno nje bila ufizi, anainama kwa kila mwenzake anayepita mbele yake. "Karibuni tena. Karibuni tena." Alipatia kuliko wachekeshaji wote wa nchi, maana mdomo ule ni wa mama yake. Watoto walikuwa wanapanga foleni kuagwa.

Msimhukumu haraka. Mtoto yule alikuwa amegundua jambo ambalo wakubwa wengi hawajalijua, kwamba anayetangulia kucheka hachekwi. Siku za kwanza walimwita mtoto wa choo, wakakataa kukaa naye dawati moja. Sasa alikuwa na marafiki. Alimwona mama yake getini, macho yalikutana. Hakuacha. Alimaliza foleni yote, akachukua begi lake, akapita getini kama anayepita peke yake, na Kitinda akamfuata nyuma kidogo mpaka walipoishia watoto wengine njiani.

Huko ndiko walikosimama, kando ya ukuta wa karakana ya baiskeli. Binti aliongea akitazama viatu vyake.

"Mama, usije tena shuleni."

Kitinda akasema sawa.

"Na kile chumba siendi. Kiko karibu mno. Nitabaki kwa mama mkubwa."

Binti akainua uso, na hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa anamsaidia mama yake kufikiri. "Kwani meli zimekwisha, mama? Si urudi tu baharini. Ukiondoka watasahau."

Meli hazikuwa zimekwisha. Lakini Kitinda alikuwa ameshaandikia kampuni zote alizozijua, na zote zilikuwa zimeona lile tabasamu. Hapakuwa na meli ya mizigo, achilia mbali ya watalii, iliyomtaka hata kuosha vyombo. Angeweza kumweleza. Aliutazama uso wa mwanawe, ule uso unaosubiri jibu zuri, na akashindwa kumnyima.

"Haya," akasema. "Nitarudi."

Ile ilikuwa mara ya kwanza tangu afike mtoto kumshika mkono.

Dada mtu aliujua ukweli, akanuna siku nzima, akasema njia ya mwongo ni fupi. Lakini alimsindikiza na sanduku mpaka kona. Ufunguo wakaurudisha kwa mwenye nyumba. Kitinda akavuka mji, akapanga kijumba upande wa pili, akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, kule nyuma kwenye mapipa ya mvuke ambako mgonjwa hafiki wala mgeni haingii. Kila Jumapili humpigia binti simu. Humweleza bandari alizozijua zamani, soko la hapa, mvua ya pale, samaki warukao. Na jamani, hili ndilo linaloniuma mimi: mtoto akawa mtoto tena. Alianza kwa ndiyo na hapana, baadaye akawa anasimulia, jino limemuuma, mwalimu mpya mkali, anataka nywele za kusuka. Mama wa baharini alimpenda sana.

Kisha siku moja Kitinda alikuwa anavuka barabara ya madukani, furushi la mashuka kichwani, akatazamana na binti yake uso kwa uso. Binti alikuwa na wasichana wawili wa shule, wamesimama nje ya duka la viatu. Alimwona. Hapana shaka alimwona, kwa maana alibaki mdomo wazi na rangi ikamtoka. Halafu akamshika mwenzake bega, akamgeuza kwenye kioo cha duka, akaanza kumwonyesha viatu, anaongea mbio mbio bila kupumua. Kitinda alibaki pale pale barabarani mpaka dereva mmoja akampigia honi na kumtukana.

Jumapili ilipofika alikaa na simu mapajani muda mrefu. Mwisho akapiga. Ilipokewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mama," binti akauliza, sauti ndogo, "leo mko bandari gani?"

"Hatujafika bandari. Bado tuko katikati."

"Bahari imechafuka?"

"Hapana, mwanangu. Imetulia."

"Basi vizuri," akasema binti, akamwambia kwamba mtihani wa hesabu wameufanya na ulikuwa rahisi.