Sauti ya Dada Kati ya Magitaa

Kaka yangu alikuwa na redio kaseti mbili nyumbani kwetu Kamachumu. Moja ilipiga magitaa ya bendi, huku nyingine ikimrekodi dada yetu akiimba juu ya magitaa hayo nyimbo za harusi za Kihaya. Kanda ile ilinakiliwa ikafika hadi kwa wavuvi wa visiwa vya ziwani.

Kisha dada akapata ule ugonjwa uliokuwa ukimaliza nyumba zetu. Tukamzika kibanjani, kati ya migomba.

Baada ya matanga mama alimwambia kaka, "Mwana wange, ondoa magitaa, uniachie sauti yake tu."

"Haiwezekani, mama. Vimeshachanganyika."

Mama aliegemeza sikio kwenye spika, akasikiliza kanda nzima.

"Kuna mahali anavuta pumzi," akasema. "Nirudishie hapo."

Kaka akairudisha kanda huku akilia.