Matanga ya Maua

Jumamosi, 12 Aprili. Jua la baridi, upepo kidogo.

Msimamizi wetu kazini kwenye udobi, Keiko, Mjapani, aliniambia, "Mama yangu amefika kutoka kwetu. Jumamosi tunakaa mkekani bustanini. Karibu." Mzazi kasafiri mbali hivyo, watu wanakaa mkekani: mimi mjuaji nikajua ni matanga. Nilitaka sana Keiko anipende, nikapika sufuria ya maharagwe ya nazi.

Huko bustanini, mtaa wa Erdington hapa ughaibuni, mimi na binti yangu tukakuta viatu vimevuliwa, watu kimya, mama mtu anafuta macho. Nikajitanda kanga, nikamkumbatia, nikalia mpaka mbwa wa watu wakabweka.

"Poleni jamani! Nani ametutoka?"

Keiko akaonyesha juu. Mti mzima ulikuwa mweupe, maua yanadondoka.

"Ni maua haya, dada. Yanachanua wiki moja tu, ndiyo maana tunakuja kuyafurahia."

Mti usiozaa hata tunda la kula! Nilitaka kuwadharau, lakini haki isemwe: wao walikuwa wanaangalia maua, aliyeomboleza mti ni mimi.

"Mama, ni pikiniki," binti yangu akaninong'oneza, akasogea mbali nami.

Maharagwe ya matanga waliyamaliza wakicheka. Jioni nyumbani sisi tulikula mkate na chai.